Aliyezeesha Garimoshi Ni Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi Mtopeni, Kibaha
Kosa linalochunguzwa: wizi na kuharibu mali
Jina la shahidi: Mwanamkuu Mwinyijuma
Umri: miaka 64
Kabila: Mzaramo
Dini: Mwislamu
Kazi: mwalimu mstaafu wa kemia
Makazi: Picha ya Ndege, Kibaha
Tarehe: 21 Agosti 2024, saa 3:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya mbele ya WP D/Koplo Stellamaris. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu jana mchana mlimkamata Bernard Mihayo, fundi wa kuchomelea wa hapa Kibaha, mkamweka ndani kwa makosa mawili: kwamba ameiba garimoshi dogo la marehemu kaka yangu, na kwamba ameliharibu kwa kemikali. La kwanza halipo kabisa. La pili nimelifanya mimi, wala si uharibifu. Naomba iandikwe hivyo hivyo, mwanzoni kabisa, nisije nikasomewa baadaye imehamia mkiani.

Mlalamikaji, Ashrafu Seif, ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni shangazi yake, tumbo moja na baba yake. Sina ugomvi naye. Kijana ana msiba, na mtu mwenye msiba hufanya mambo. Lakini msiba wa baba yake ni msiba wangu pia, na mimi sijaja polisi kumfungisha mtu.

Kaka yangu, Seif Mwinyijuma, alianza kazi ya reli akiwa kijana, akitia moto kwenye garimoshi la mvuke. Wakati huo magarimoshi hayo yalikuwa yanaelekea mwisho wake. Alipostaafu akarudi kukaa Kisarawe mjini, na badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenzake akaanza kutengeneza magarimoshi madogo. Koplo ameniuliza kama ni vitu vya kuchezea watoto. Hapana. Ni vitu vya kipimo: kila kilichomo kwenye garimoshi la kweli kimo humo, kimepunguzwa kwa uwiano mmoja, hadi misumari. Hili la mwisho ni moja kwa thelathini na mbili. Urefu wake unazidi kidogo mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Liko hapo kabatini kwenu, mmelifunga na karatasi ya kielelezo, na aliyelifunga ameligeuza chini juu.

Kazi hiyo tuliifanya watatu. Kaka alikata bodi na kuunganisha. Bernard aliyeyusha bati na risasi, akamimina magurudumu na ile mikono yake, yaani vyuma virefu vinavyoshika gurudumu kwa gurudumu yakazunguka pamoja. Mimi nilikuwa mtu wa rangi na dawa. Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, chupa haziniogopeshi.

Sasa nieleze dawa yenyewe, maana naona ndiyo imewatia hofu. Chuma kikitoka kwenye kalibu ya Bernard kinang'aa kama kijiko kipya. Garimoshi la kazi haling'ai hivyo. Lina masizi, lina mafuta, lina jua la Dodoma na mvua ya Ruvu. Ukipaka rangi nyeusi juu ya chuma hicho inaziba alama ndogo ndogo zote, na gurudumu likizunguka inabanduka. Kwa hiyo watengenezaji wa vitu vya kipimo wana dawa ya maji ya kuchovyea. Inageuza ngozi ya juu ya chuma chenyewe kuwa nyeusi. Haipaki kitu, inageuza. Sisi tuliiita dawa ya kuzeesha. Niliiagiza nje ya nchi, ikakaa njiani miezi, ikafika mwishoni mwa Julai, kaka akiwa tayari hainuki kitandani.

Nilimpelekea chupa aione. Aliitikisa kidogo masikioni kama mtu anayesikiliza dafu, akaniambia, "Mwanamkuu, usikubali lije liwekwe sebuleni kwa mtu likiwa linang'aa kama kikombe cha mashindano. Lizeeshe." Nikamwambia apone kwanza tulizeeshe wote. Akasema, "Wewe lizeeshe tu." Alikuwepo Bernard, alikuwepo na Ashrafu mwenyewe, amekaa mlangoni na simu yake. Kama hakusikia, kusikia si kazi ya masikio peke yake.

Mnamo tarehe 9 Agosti 2024, siku ya Ijumaa, kaka yangu alifariki nyumbani kwake Kisarawe. Kesho yake, tarehe 10, tulimzika Kibuta, walikozikwa wazazi wetu.

Hapa ndipo naomba koplo aandike polepole. Mimi ni Mzaramo, mmeandika wenyewe hapo juu. Bernard ni Mnyamwezi wa Tabora, na nina hakika jana mmeliandika hilo pia, maana fomu zenu zinauliza. Mkishaandika Mzaramo na Mnyamwezi kwenye jalada moja, mnauliza nini tena? Hao ni watani. Wamekuwa watani tangu mababu zao wanashuka pwani na mizigo kichwani na mababu zetu wanawauzia maji. Msiba wa Mzaramo usipofika Mnyamwezi kuutania, watu wanauliza marehemu alikuwa mchoyo kiasi gani.

Bernard alifika Kibuta na wenzake. Jeneza lilipotoka nyumba ya wazazi wetu kwenda makaburini, alilala chali katikati ya njia na kusema hapiti mtu. Alisema, "Mzaramo huyu ana deni la ubishi, hajamaliza kubishana nami, halafu mnamficha ardhini?" Shekhe alisimama akitabasamu na kusubiri. Mtu mmoja alimvisha Bernard kofia ya marehemu, ndipo akainuka na kupisha. Wanawake walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo kazi ya mtani, kukuonesha kwamba bado una mbavu.

Tulirudi Kisarawe mjini, nyumbani kwa marehemu. Baada ya swala ya alasiri, watu wamejaa uani, Bernard aliingia chumbani kwa kaka akatoka na garimoshi. Lilikuwa limefungwa kwa khanga yangu, na khanga hiyo nilimpa mimi. Alisimama barazani, akapaza sauti, "Wazaramo! Nimechukua! Mkilitaka leteni jogoo, tena jogoo wa kueleweka, siyo vile vifaranga vyenu vya Mzenga!" Watu walishangilia. Alipotoka kwenda barabarani, gari la Ashrafu lilikuwa limeziba njia. Ashrafu aliingia garini, akalisogeza, akampisha. Naomba hilo lipigiwe mstari. Huyo mwizi alifunguliwa njia na mwenye mali.

Koplo ameniuliza kama kuchukua kitu cha mtu bila idhini si wizi. Nimemjibu: kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hakidaiwi, kinakombolewa. Mtani anachagua kitu ambacho wafiwa hawatakubali kukikosa, ili waje. Wanakuja na kilichotajwa, wanakula pamoja, kitu kinarudi, na msiba unapata mahali pa kuishia. Asiyekombolewa kitu chake ndiye mwenye aibu, si aliyekichukua. Nimemwambia kama sheria yenu haina ukurasa wa jambo hili, uongezwe. Koplo amecheka. Naomba iandikwe kwamba amecheka.

Tarehe 12 Agosti, siku ya tatu, tulianua tanga. Nilimwambia Ashrafu, "Baba, nunua jogoo twende kwa Bernard." Akanijibu, "Shangazi, hayo mambo ya zamani, mimi kesho niko kazini." Nikamwambia kwa mara nyingine alipokuwa anapanda gari. Ningeweza kulikomboa mimi siku ileile, nina banda zima la kuku. Lakini jogoo wa mtani hutolewa na mtoto wa marehemu kwa mkono wake. Shangazi haruhusiwi kumkombolea mtoto uanaume wake. Nimlaumu nani? Mama yake alipoachana na kaka alimchukua mdogo akamlea kwao Arusha. Amerudi kwetu mkubwa, ana jina letu, ana pua yetu, mila hajapewa na mtu. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Huyu hakuacha, hakuwahi kushikishwa.

Mnamo tarehe 15 Agosti, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikwenda nyumbani kwa Bernard hapa Kibaha nikiwa na chupa ya dawa, glavu, bakuli la plastiki, sabuni na spiriti. Bernard alikuwa karakanani kwake mtaa wa pili, anachomelea geti la mtu. Alinifungulia mkewe, akaniacha na kazi yangu. Kwa hiyo kwenye kosa la pili mshtakiwa wenu hakuwepo hata eneo la tukio.

Nilifungua skrubu nikatoa magurudumu na mikono yake. Niliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikavifuta kwa spiriti, kwa sababu dawa haishiki penye mafuta. Ekseli nilizitenga, hizo ni chuma cha pua na dawa hiyo haikigeuzi. Nikachanganya dawa na maji kwenye bakuli, nikachovya. Koplo ameuliza kama ni tindikali. Imo, ndiyo, na ndiyo maana nilivaa glavu na kufungua madirisha. Lakini haili chuma kikaisha. Chukueni gurudumu mpime, halijapungua kitu.

Kwanza chuma kiliingia ukijivu. Kisha kikawa rangi ya kahawa. Nilikuwa nakigeuza kwa kijiti cha mshikaki, polepole, nikaona weusi unaanzia kwenye kona na kutembea. Nimefanya majaribio ya maabara maisha yangu yote na sijawahi kulia mbele ya bakuli. Siku hiyo nililia. Lilikuwa linageuka kuwa garimoshi la kaka yangu, lile alilokuwa anarudi nalo usiku ana macho mekundu, mama anamwambia avue shati nje. Nilisuuza, nikakausha, halafu nikasugua kwa kitambaa sehemu moja tu: ukingo wa gurudumu unaogusa reli. Pale panang'aa hata kwenye garimoshi la kweli, kwa sababu reli inapang'arisha. Mtu asiyejua ataona nimesahau kumaliza.

Kwenye gurudumu moja la nyuma, upande wa ndani, dawa ilikataa mahali. Nilidhani ni mafuta, nikasafisha tena, nikachovya tena, ikakataa. Nikawasha taa ya simu. Lilikuwa dole gumba. Kaka alipokuwa anagandisha bodi, gundi ilimkolea kidoleni akaligusa gurudumu, na dawa haipiti kwenye gundi. Mistari yote imo, na katikati umepita mkato wa kovu alilolipata kwa mlango wa tanuru la garimoshi akiwa na miaka ishirini na kitu. Kazi safi inataka nikwangue gundi nichovye upya. Nimewafundisha watoto wa watu kutokubali kazi nusu. Sikukwangua. Nikafunga gurudumu mahali pake, dole likiwa ndani, na hilo ndilo kosa pekee la kiufundi ninalokiri katika jalada hili. Msinitake nilijutie.

Jioni ile nilipiga picha nikamtumia Ashrafu. Nilidhani atafurahi. Akapiga simu, sauti imepanda, "Shangazi, nani kaliharibu? Kuna mwenye hoteli nimeshaongea naye, analitaka mapokezi, nilimtumia picha likiwa linang'aa!" Nikamwambia, "Njoo ulione kwa macho yako." Nikakata. Labda ningemwambia pale pale kwamba ni mimi. Lakini alikuwa ananifokea, na mimi sifokewi na mtoto niliyemkata kucha. Hakuja kuliona. Akampigia Bernard.

Koplo amenisikilizisha sauti ambayo mlalamikaji aliirekodi kwenye simu, ndiyo mnayoiita ushahidi wa kudai kikombozi kwa vitisho. Nimeisikia. Ashrafu anasema, "Mzee, nataka mali ya baba yangu." Bernard anasema, "Jogoo yuko wapi?" Ashrafu anasema, "Nitakwenda polisi." Bernard anasema, "Nenda, na polisi nao waje na jogoo. La sivyo nalipeleka Tabora nikafugie njiwa." Kisha anacheka. Halafu msikilize vizuri, koplo, maana kwenye maandishi yenu mmekatisha hapo: Bernard anasema kwa sauti ya chini, "Njoo, mwanangu. Njoo tu." Mtu anayetisha hasemi hivyo. Mzee wa watu ana miaka sitini na minane, amekaa na uji jikoni anamsubiri mtoto wa rafiki yake aje na kuku, ampe garimoshi la baba yake, wamlilie pamoja. Mmemletea pingu.

Koplo ameniambia kuwa mtuhumiwa jana alikataa kujieleza, akasema tu, "Waulizeni wenye msiba." Nimeelewa kwa nini. Mtani aliyeitwa mwizi hajitetei mwenyewe, ni wafiwa wanaopaswa kumsemea. Akijitetea, utani umekufa. Yeye anaulinda hata akiwa ndani ya selo, bila mkanda na bila viatu. Basi mwenye msiba ndiye mimi, na nimeshasema.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kosa la wizi lifuteni. Kosa la kuharibu mali, kama mnaliona ni kosa, jina la Bernard litoke liingie langu. Glavu nimekuja nazo, chupa iko kwenye mkoba, imebaki nusu. Niwekeni ndani, sina mtoto mdogo nyumbani. Lakini nikifika mahakamani nitamwambia hakimu kwamba marehemu aliniagiza, na kwamba nikipewa magurudumu mengine leo nitayazeesha leo. Na mtu asiguse garimoshi hilo kwa dawa ya kung'arishia. Nimesikia mlalamikaji ameomba lipelekwe kwa fundi likang'arishwe. Fundi huyo atanikuta mlangoni.

Jogoo nimemleta. Yuko nje kwenye tenga, kivulini, mwekundu, ana kucha za kueleweka. Sitamtoa mimi. Mwiteni Ashrafu. Koplo ameniambia niende nyumbani nitapigiwa simu. Siendi. Nitakaa kwenye benchi lenu hilo mpaka mtoto wa kaka yangu afike.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimerekebisha maneno machache ya koplo, na sikupunguza hata moja la kwangu. Kwa uthibitisho natia saini.

Saini ya shahidi: Mwanamkuu Mwinyijuma

Uthibitisho wa mwandishi wa maelezo: Mimi WP D/Koplo Stellamaris nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa usahihi kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi naye akakubali. Shahidi alitakiwa kuondoka, akakataa. Mlalamikaji alipigiwa simu akafika kituoni saa 6:20 mchana. Alisomewa maelezo haya, yote. Aliomba kuoneshwa kielelezo. Aliliangalia gurudumu la nyuma upande wa ndani kwa muda mrefu, akaweka dole gumba lake juu ya lile, akarudisha kielelezo. Kisha alitoka nje akarudi na jogoo, hajui kumshika, shahidi akamwelekeza miguu. Kwa idhini ya mkuu wa kituo mtuhumiwa alitolewa mahabusu akaletwa kaunta. Mlalamikaji alimkabidhi jogoo kwa mikono miwili, akamwambia, "Shikamoo, baba." Mtuhumiwa alimpokea, akampima uzito kwa mkono, akasema ni mdogo. Kisha akalia. Mlalamikaji ameomba kuondoa malalamiko yake.